Shamba Lililobaki Nje ya Daftari

Muhuri wa serikali niliurudisha Jumatatu. Jumanne asubuhi mkono wangu wa kulia ulikuwa bado unapapasa mfuko wa kanzu kuutafuta, na mke wangu, Bi Zuhura, akaniambia, "Bwana, pumzika. Humu ndani hakuna wa kumpigia muhuri." Basi nimekaa barazani kwangu hapa Langoni, nimechonga kalamu, na ninawaandikia nyinyi mtakaokalia viti vyetu: makarani wapya wa Amu na mamudiri mtakaopelekwa visiwani. Mshahara wangu sitautaja, haukuwa wa kutajwa. Vyeo navyo vilikuwa viwili tu, karani kisha mudiri, na vyote nilivipata kwa sababu mtu alikufa. Hakuna la kujivunia hapo.

Mimi ni mtoto wa Mshihiri, na nalisema mapema ili msije mkalisikia kwa mwingine limetiwa chumvi. Baba yangu, Mbaraka, alitoka Hadhramaut akashuka Amu na kiriba kimoja cha ngozi ya mbuzi na nguo aliyoivaa. Miaka yote niliyomjua alibeba maji kutoka visima vya nyuma ya mji mpaka majumba ya mtaa wa Mkomani. Aliingia kwa mlango wa uani, akatoka kwa mlango wa uani. Mabwana wa majumba yale hawakulijua jina lake, lakini yeye alijua mtungi wa kila nyumba unachukua viriba vingapi, na nyumba ipi ina wageni, na ipi inasingizia kuwa na wageni. Mimi alinitia chuo cha Kurani ningali mdogo, akamwambia mwalimu anichape bila huruma, na mwalimu hakumwangusha.

Hati yangu ikatoka nzuri. Karani mmoja wa barazani kwa Liwali alipofariki, karani mkuu, Sheikh Msellem, alimwuliza mwalimu wetu ni nani ana mkono unaosomeka. Mwalimu akanitaja mimi, nadhani kwa kuona haya kwa ile bakora yote.

Siku ya kwanza nilivaa kanzu ya kuazima iliyonizidi kimo, nikapanda ngazi nikiwa nimeikusanya mkononi. Bawabu alinitazama usoni akamwona baba yangu. Akasema, "Mshihiri, mtungi uko kule pembeni, na yeo umechelewa." Niliutazama mtungi, kweli ulikuwa mkavu. Nilishuka, nikaenda kisimani, nikarudi na maji, nikaujaza mpaka shingoni. Kisha nikapanda mkekani kwa makarani, nikakaa, nikachukua kalamu. Bawabu alisimama mlangoni kinywa wazi. Sheikh Msellem alikuwa ameyaona yote tangu mwanzo asiseme neno. Akateka kata moja, akanywa, akasema, "Alhamdulillahi, yeo tumepata karani na mayi kwa pamoja."

Sheikh Msellem alikuwa mtu wa Mkomani hasa, wa nyumba yenye vidaka ukutani na nasaba ndefu kuliko kilemba chake. Hakuwahi kuniita Mshihiri isipokuwa tukiwa wawili tu na nimemfurahisha. Alinifundisha kuchonga mwanzi kwa mshazari ili herufi isivimbe, na kupika wino wa masizi ya taa na gundi ya mti, kwani wino wa dukani aliuita maji ya kuoshea vyombo. Alinifundisha kwamba jina la mtu huandikwa jinsi mamake anavyolitamka, si jinsi karani anavyolipenda. Nikiandika kwa hasira aliniondolea karatasi mbele yangu bila kuniangalia, akanipa nyingine saa ya baadaye. Nilimpenda mzee yule. Hata leo nikikosea herufi nasikia kikohozi chake nyuma yangu.

Nilipopewa umudiri alinisindikiza mpaka pwani. Akaniambia, "Ukifika mui wa watu, mtafute mwanamke mtu mzima, umuulize mambo. Wanaume watakwambia vile watakavyo yawe." Nikamwitikia ndiyo, sheikh, nimesikia. Chombo hakijatoka mkondo wa Mkanda, nimeshalisahau.

Mui niliopelekwa, mji mdogo, uko kaskazini ya kisiwa cha Pate. Jina lake sitaliandika. Wenyewe watajijua, na wengine haliwahusu. Ulikuwa na mitaa miwili, Yuu na Pwani, na kati yake ndia moja nyembamba ambayo mbuzi wanaivuka kwa urahisi kuliko watu. Yuu na Pwani walishindana kwa kila jambo: msikiti wa nani una mikeka mipya, maulidi ya nani yamejaa, hata nani anakohoa kwa heshima zaidi. Mkubwa wa Yuu alikuwa Mzee Athmani, mrefu, mkavu, mtu wa maneno matatu kwa siku. Mkubwa wa Pwani alikuwa Mzee Lali, mnene, ndevu zake nyekundu kwa hina, na maneno yake hayakuwa na hesabu.

Nilifika siku chache kabla ya Idi kubwa. Baada ya sala ya Idi, tukitoka msikitini, Mzee Athmani alinishika mkono akasema, "Karibu kahawa, mudiri." Hayo ndiyo maneno yake matatu ya siku ile. Nilikwenda kwake, nikanywa kahawa, nikala halua, nikatoa mkono wa Idi kwa nyumba zote za Yuu. Kisha nikateremka Pwani kwa Mzee Lali. Kahawa yake ilikuwa baridi kabisa. Nikanywa vikombe vitatu kwa adabu, nikidhani ndivyo wanavyoinywa kule.

Tangu siku ile Pwani wakaninunia. Na kununa kwao kulikuwa na utaalamu wake! Nikipita nikisalimu, "Asalaam alaikum," wanaitikia, maana kuitikia salamu ni wajibu, wakakomea hapo hapo. Hakuna karibu, hakuna habari za nyumbani. Barazani kwangu walikuja watu wa Yuu peke yao. Mtu wa Pwani akiibiwa kuku aliona bora akose kuku kuliko kuja kwangu. Nikasema moyoni, ni kile kiriba cha baba, wamekwisha kujua mimi mtoto wa nani. Ilinichoma, wallahi. Nilikuwa mtu mzima mwenye muhuri wa serikali na askari wawili, na nilikuwa nikirudi nyumbani nikijiona tena niko mlango wa uani.

Miezi ikapita hivyo. Ndipo ikaja barua ya ardhi.

Lazima niwaeleze hapa, maana wengi wenu ni watu wa Amu mjini na shamba mmelisikia tu. Watu wa mui ule wanakaa kisiwani lakini wanalima bara, ng'ambo ya maji. Mvua zikikaribia wanavuka na majembe, wanapanda mtama na ufuta, wanalala juu ya madungu kufukuza nguruwe na nyani mpaka wavune. Mashamba hayo hayakuwa na karatasi. Ya babu yalijulikana kuwa ya babu, basi. Sasa barua ilisema kwamba Mzungu wa ardhi atapiga hema upande wa bara kwa siku tatu, na kila mwenye shamba aende na jirani wa mpakani awe shahidi, aandikwe daftarini. Shamba lisiloandikwa litahesabiwa halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe ni la serikali. Niliisoma barua ile mara tatu nikitafuta mlango wa kutokea. Haukuwamo.

Niliitisha baraza. Yuu walikuja wote, Pwani hakuja hata mmoja. Nikatuma askari akapige mbiu kwao, wakaisikiliza kwa utulivu, wakamshukuru, wakaingia ndani. Na jambo lenyewe halikuwa la Pwani pekee. Mashamba ya mitaa miwili yamechanganyika kule bara: shamba la Yuu, linalofuata la Pwani. Jirani wa mpakani, karibu kila mara, ni mtu wa mtaa mwingine. Pwani wasipokwenda, Yuu nao hawana shahidi. Mui mzima ulikuwa unakwenda kupoteza chakula chake, na mimi nimekaa na muhuri wangu.

Nyumba yangu ilikuwa juu ya ile ndia nyembamba, na jirani yangu alikuwa mjane, Bi Mwanaesha. Kila asubuhi aliniletea mkate wa mofa, moto, umefunikwa kwa kawa, na kila asubuhi nilimwambia ahsante nikadhani mazungumzo yamekwisha. Siku ile hakuondoka. Alinitazama, akasema, "Mudiri, waonekana hukulala."

"Watu wa Pwani wananichukia, Bi. Ni kwa asili yangu."

Alicheka mpaka akaiweka sahani chini. "Asili yako! Nani ana wakati wa asili yako, mwanangu? Hapa kila mtu babu yake alikuya na chombo. Wengine walitangulia, wengine wakafuata. Kosa lako wewe ni kahawa."

"Kahawa gani?"

"Idi ndogo, mkono wa kwanza ni wa Yuu. Idi kubwa, mkono wa kwanza ni wa Pwani. Ndivyo tangu babu zetu, na kila mudiri alifuata. Wewe Idi kubwa umekwenda kunywa kwa Athmani, na Lali kakaa kibarazani mbele ya watu wake wote na birika yake, mpaka ikapoa."

Nilishika kichwa. "Na mbona hakuna aliyeniambia?"

"Yuu wakwambie kwa nini, na wao wamepata? Na Pwani wakwambie vipi, na wao wamekununia?"

Nikamkumbuka Sheikh Msellem pale pwani ya Amu, nikaona haya peke yangu. Nikamwambia nitakwenda sasa hivi kumwomba Mzee Lali radhi. Akatikisa kichwa. "Ukimwomba radhi atakwambia hapana neno, na atakununia mwaka wa pili. Nenda ukamwombe chakula. Radhi mtu aweza kukunyima, chakula hawezi."

Adhuhuri ile nilikwenda Pwani bila askari. Mzee Lali alikuwa barazani na wanawe, sinia la wali wa nazi na samaki ndiyo kwanza limetuliwa. Nikasalimu, wakaitikia, wakakomea hapo hapo. Nikasema, "Mzee Lali, nina njaa."

Alinitazama. Akalitazama sinia. Nikaona vita usoni mwake, maskini, adabu inavuta huku na kinyongo kinavuta huku. Mwishowe akasogea. "Bismillahi, mudiri."

Tukala. Tonge la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu akashindwa kujizuia, akapiga goti lake kwa mkono mtupu: "Kahawa yangu ilipoa, mudiri!"

"Niliinywa, mzee. Ilikuwa baridi kama maji ya mtungini."

"Umekunywa vikombe vitatu! Na hukusema neno!"

"Nilidhani ndiyo desturi ya Pwani."

Wali ulimpalia. Wanawe walimpiga mgongoni, na yeye anacheka, anakohoa, machozi yanatiririka kwenye ndevu zake za hina. "Desturi ya Pwani!" akawa anasema. "Mshihiri huyu!" Na neno lile, ambalo nililiogopa maisha yangu yote, siku ile lilinipendeza.

Alikubali Pwani wataandikwa, ila kwa sharti moja: kwa kuwa walirukwa kwenye Idi, daftarini watangulie wao. Nikasema inshallah. Sijafika kwangu, Mzee Athmani amekwisha kukaa mlangoni. Sijui habari ile iliruka vipi. "Yuu hatuwekwi nyuma," akasema, akainuka akaenda zake.

Nilikaa siku mbili na kalamu, nikatoa dawa. Nikawataka wakubwa wa mitaa wanitajie watu wao, nikapanga orodha mbili, Yuu kulia na Pwani kushoto, kila mstari watu wawili wa mpaka mmoja. Wataingia hemani wawili wawili, bega kwa bega, kila mmoja shahidi wa mwenzake. Kutangulia hakuna, kuchelewa hakuna. Nilijiona waziri wa sultani. Nilimsomea Bi Mwanaesha mpango wote alipoleta mkate, naye akasema, "Umepanga uzuri, mwanangu." Hakuuliza zaidi, na mimi sikuuliza zaidi. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Tulivuka bara kwa madau. Hema lilikuwa karibu na maji, meza ndani yake, daftari kubwa juu ya meza, Mzungu nyuma ya daftari na mkalimani ubavuni. Inzi walikuwa wengi kuliko mashahidi. Wa kwanza kuingia walikuwa Athmani na Lali, ambao hawakuwa wamezungumza tangu kabla ya mimi kufika nti ile. Athmani aliulizwa kama analijua shamba la mwenzake. Alitazama mbele, akasema, "Lile shamba ni lake. Baba yake alilifyeka na mimi nilikuwa nimeshika panga la pili." Ni maneno mengi kwa mtu yule. Lali aligeuka akatazama pembeni, akajifuta uso kwa kilemba, akasema jua kali. Nami nilikuwa nimesimama hapo na orodha yangu, moyo umejaa. Katika miaka yangu yote ya kazi sikupata siku kama ile.

Siku ya pili ikaenda vizuri. Siku ya tatu, alasiri, jozi zilikuwa zimebaki mbili. Ndipo Bi Mwanaesha akatokea kwa njia ya mashambani, amejitanda shuka lake, vumbi la njia limempata mpaka kwenye kope, na wanawe wawili nyuma yake. Alikuwa amekwenda kwanza shambani kwake kupalilia mipaka ionekane. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Mudiri, jina langu umelitia wapi?"

Nikatazama orodha ya Yuu. Hakuwamo. Nikatazama ya Pwani. Hakuwamo. Bi Mwanaesha alizaliwa Pwani akaolewa Yuu na marehemu Bakari. Yuu waliponitajia watu wao walimruka, wakimhesabu wa Pwani. Pwani nao walimruka, maana ameolewa Yuu. Na mimi, niliyekula mkate wake kila siku ya Mungu, nimeandika mitaa miwili herufi kwa herufi na sikumwona aliyeanguka katikati.

Ningeweza kumwingiza palepale. Lakini nikimpenyeza kati ya jozi, nani atamtangulia, na yeye ahesabiwe wa nani? Nikaogopa mpango wangu mzuri usivurugike mbele ya Mzungu. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, Bi Mwanaesha, wazee hawa wamalize. Wewe nitakupeleka mwenyewe, wa mwisho."

Akakaa juu ya gogo, akakunja mikono.

Jozi ya kwanza ikaenda. Jozi ya pili wakazozana juu ya kisiki kimoja, kiko huku au kiko kule. Waliapa, wakakumbushana mababu, wakachora mchangani kwa vidole. Kisiki chenyewe hakikuwa na thamani ya kikombe cha maji. Walipopatana, Mzungu alitazama saa yake, akatazama maji yanavyokupwa, akafunga daftari. Nikamwambia mkalimani, bado mmoja, mmoja tu, yule pale. Mkalimani akarudi na jibu: siku tatu zimekwisha, na chombo kitakwama. Nikawafuata mpaka majini, kanzu imenishika magotini, nikisema mmoja tu, bwana, mmoja tu. Wakapanda, wakaenda.

Niliporudi alikuwa bado juu ya gogo lile lile. Akauliza, "Imekwisha?"

"Imekwisha, Bi."

Wanawe walitazama chini. Mimi nikasema maneno mengi, sikumbuki yapi. Nadhani nilimwambia ni kosa langu mara nyingi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema kwa upole, bila hasira hata kidogo, "Angeniibia mwizi ningekuya kumshitaki kwako, mwanangu. Sasa wewe nikushitaki kwa nani?"

Asubuhi iliyofuata mkate ulikuja kama kawaida, moto, umefunikwa kwa kawa. Niliufunga mlango nikalia.

Habari ilipoenea, mui mzima uliingia aibu. Baada ya sala ya asubuhi Mzee Lali alikuja barazani kwangu, akasema Pwani watamkatia Bi Mwanaesha kipande katika shamba lao, maana ni binti yao. Hajamaliza, Athmani ametokea. "Pwani mtoe?" akasema. "Mke ni wa Yuu!" Lali akasema basi Pwani wataongeza mpaka kwenye mkwaju. Athmani akasema Yuu watatoa mpaka kwenye mkwaju na mkwaju wenyewe. Walipandishana pale kwangu mpaka jua likawa kichwani, na mimi sikuwazuia, Mungu anisamehe, niliwachochea. Mwisho wake ardhi aliyopewa ilikuwa kubwa kuliko ile iliyopotea. Niliandika hati mbili siku ile ile, kila moja na mashahidi wawili wa mtaa mwingine, nikapiga muhuri kwa nguvu hata meza ikalia.

Nikampelekea mwenyewe, tanurini kwake. Alizishika hati zile juu chini, hajui kusoma, akacheka kile kicheko chake. "Ati mimi sikuwa wa mtaa wowote, na yeo nina mashamba mawili! Waambie Lali na Athmani, Mungu awape." Nikapumua. Nikaona jambo limekwisha, na limekwisha vizuri.

Kisha akauliza, "Na kisima cha Bakari?"

Mume wake alikichimba kwa mkono wake mwenyewe katika lile shamba la zamani, viangazi viwili, peke yake, mpaka akapata maji matamu. Homa ilimchukua mwaka ule ule. Sasa kigingi cha chuma cha wapimaji kilikuwa kimepigwa hatua chache kutoka mdomoni mwa kisima hicho. Nilikaa naye pale tanurini mpaka mikate ikaiva, nikala mmoja, nikaenda zangu.

Nilikaa mui ule miaka mingi baada ya hapo. Nilijua mkono wa kwanza wa kila Idi, na kahawa ya Mzee Lali nilikunywa ya moto. Tuliingia katika taabu ya vita vya Wazungu, walipotaka watu wa kubeba mizigo, na Yuu na Pwani wakawaficha vijana wao kwa pamoja, jambo ambalo mimi kama mudiri sikuliona, na sasa nimestaafu ndiyo nasema sikuliona vizuri. Athmani alifariki, na Lali ndiye aliyeteremka kaburini kumpokea. Nikikutana na watu wa mui ule hapa Amu wananiita Mshihiri wetu, nami naitika.

Lakini kila mwaka, mvua za kwanza zikinyesha, niliandika ombi moja: shamba la Mwanaesha, mjane wa Bakari, pamoja na kisima kilichomo, lirudishwe kwa mwenyewe, kwani liliachwa nje ya daftari kwa kosa la mudiri na si kwa kosa lake. Niliandika jina lake jinsi mamake alivyolitamka. Mara nyingine nilijibiwa barua imepokewa. Mara nyingine sikujibiwa. Ombi la mwisho nililiandika Jumapili iliyopita, na hiyo ndiyo karatasi ya mwisho niliyoipiga muhuri.

Jibu halijafika. Laweza kuja mwezi huu, laweza kuja mimi nimekwisha kuzikwa. Wewe uliyekalia kiti changu, likija usilitume na askari. Lichukue mwenyewe ukamsomee, hata likiwa ni hapana, maana macho yake siku hizi hayaoni mbali. Utamkuta tanurini na atakwambia ukae ule kwanza. Usikae. Sema ulilokwenda kusema ukiwa bado mlangoni, na neno lolote mwambie, ila usimwambie angoje.